Mkono wa Kushoto wa Malkia Asumini

Si zamani sana, wala si mbali sana, ila ni mbali kiasi cha kuniwezesha kusimulia nikiwa nimeketi, palikuwa na nchi iliyojaliwa milima ya baridi, mabonde ya mbu, na malkia mmoja. Jina la nchi hiyo nimelisahau, na kwa usalama wenu nawashauri nanyi mlisahau. Malkia aliitwa Asumini, naye alikuwa ametawala miaka arobaini na moja. Jubilei ilikuwa ifanyike mwaka wa arobaini, lakini kamati ya maandalizi ilitumia mwaka mzima kukubaliana nani akae wapi kwenye kikao chake cha kwanza.

Hatimaye Wizara ya Kumbukumbu ikatoa tangazo redioni. Kila raia mtu mzima alitakiwa awasilishe kumbukumbu moja ya binafsi, kwa nakala tatu, akieleza siku alipomwona Malkia akavutiwa naye na mavazi yake. Kumbukumbu iwe ya kweli, itoke moyoni, isizidi mistari kumi na miwili, na ifanane na mifano iliyobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata. Atakayekubaliwa angepewa Cheti cha Mapenzi. Asiye na cheti hicho asingeruhusiwa kufanya kazi yoyote inayohitaji leseni, na katika nchi ile hata kufuga paka kulihitaji leseni.

Watu walihaha. Bi Siwatu wa Mtaa wa Mteremko alikwenda kuazima kumbukumbu kwa shemeji yake, akaambiwa imeshaazimwa. Lakini jirani yake, Bi Sikudhani, fundi cherehani mwenye miaka sitini na miwani ya kamba, alilisikia tangazo lile, akaacha kukanyaga cherehani, akacheka peke yake. Yeye kumbukumbu alikuwa nayo. Ilikuwa ya kweli, ilikuwa ya moyoni, na ilikuwa ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda chake.

Kabla sijalifungua kopo hilo, inabidi nieleze watu wa kule walivyovaa, la sivyo mtasema nawapakazia. Wote, wake kwa waume, kuanzia hakimu mpaka muuza karanga, walivaa nguo yenye mkono wa kulia mrefu, wa kufika kifundo cha mkono, na mkono wa kushoto mfupi, unaoishia kwenye kiwiko. Hivyo ndivyo alivyovaa Malkia Asumini siku ya kutawazwa, na Sheria ya Mkono Mfupi ilipita bungeni siku ya tatu yake, kwa kura zote na makofi ya nusu saa. Kikaanzishwa Chuo cha Taifa cha Mkono wa Kushoto. Maprofesa wake sita waligundua, katika kitabu cha kurasa mia saba, kwamba mkono mfupi unaonyesha uwazi wa serikali, na mkono mrefu unaonyesha kwamba serikali hiyo hiyo inafika popote. Chama cha upinzani kilipinga vikali, kikataka mkono mfupi ufupishwe zaidi kwa vidole viwili. Viongozi wake waliwekwa ndani mwezi mmoja kwa kosa la kuzidisha.

Maisha yakaendelea, upande mmoja. Bondeni mbu waliuma mkono wa kushoto tu, na Wizara ya Afya ikagawa vyandarua vidogo vya kuvalia kwenye mkono huo. Mlimani, mwezi wa saba, watu walitembea wamejipinda kushoto kwa baridi, na wageni wakidhani ni adabu ya nchi, nao wakajipinda. Jua nalo halikuwa na huruma. Kwa miaka arobaini na moja liliwachoma mahali pamoja, mpaka kila raia akawa na mkono wa kushoto mweusi kuliko wa kulia, kuanzia kiwiko kwenda chini, kama aliyevaa soksi. Maofisa wa mipakani wa nchi jirani waliacha kuwaomba pasipoti. Waliwaambia tu, "Onyesha mkono."

Sasa kopo.

Miaka arobaini na moja nyuma, Sikudhani alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa ushonaji katika kiwanda cha mavazi cha ikulu. Fundi mkuu aliugua tumbo juma la kutawazwa, kazi yote ikamwangukia yeye. Gauni lilikuwa la hariri ya zambarau, zambarau iliyokolea hasa, ya kumfanya mtu asahau alichokuwa akisema. Alilikata vizuri mwili, akakata vizuri mkono wa kulia. Mkono wa kushoto aliupima, akatia alama mbili za chaki kama alivyofundishwa, moja penye kiwiko na moja penye kifundo. Akashika mkasi. Ndipo Asumini akapita mlangoni.

Hakufanya kitu, alipita tu. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, amejifunga kanga ya nyumbani, anakula embe bichi lenye chumvi. Lakini alivyotembea! Sikudhani hakuwahi kuona mtu akitembea namna ile, taratibu, shingo imenyooka, kama vile ardhi imepigwa pasi kwa ajili yake. Alimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Aliporudisha macho mezani, mkasi ulikuwa umeshamaliza kazi, na ulikuwa umekata penye alama ya kiwiko.

Kilichobaki cha kitambaa kilitosha. Akakata mkono mwingine upya, mrefu kama ulivyotakiwa, lakini kabla hajatia uzi kwenye sindano matarumbeta yakalia nje, na Asumini mwenyewe akaingia kuvalishwa. Sikudhani akamvalisha huku machozi yanamdondoka. Malkia akajitazama kwenye kioo. Akautazama mkono wa kulia, akautazama wa kushoto, kisha akamtazama fundi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Malkia."

"Nyamaza, usilie. Utaniloweshea hariri." Akacheka. "Wakiuliza nitasema ni mtindo. Kesho uje, tuurekebishe."

"Na wasipouliza?"

"Watauliza. Watu wana macho, mama."

Akatoka hivyo hivyo, mkono mmoja nje, na Sikudhani anaapa mpaka leo kwamba hajapata kuona mtu aliyependeza kuliko yule.

Hakuna aliyeuliza. Kesho yake asubuhi Sikudhani alifika kwenye lango la ikulu na mkono wa hariri umekunjwa kwenye karatasi. Akakuta mawaziri wote wamepanga foleni, kila mmoja amekata shati lake kwenye kiwiko cha kushoto, wengine nyuzi bado zinaning'inia.

"Umeleta nini?" mlinzi akamuuliza.

"Mkono wa Malkia."

Mlinzi akafikiria kumpiga risasi, akaona ni mapema mno, akamwambia aende zake na asirudi. Malkia hahitaji kurekebishwa, alisema, na yeye mwenyewe alikuwa ameshakata mkono wa kombati yake.

Basi Sikudhani akarudi nyumbani, akautia ule mkono kwenye kopo. Tangu siku hiyo alimpenda Malkia kutoka mbali, kwenye magazeti, na picha alizozikata zilijaa ukuta wa chumba chake cha kushonea. Alizijua zote. Mwaka wa kilemba cha kijani. Mwaka wa mwavuli mweupe, Malkia alipoinama mwenyewe kufunga ukanda wa kiatu na waziri mmoja akazimia kwa kuona aibu. Alijua pia jambo ambalo maprofesa sita hawakulijua, kwa sababu walikuwa wakitazama mtindo na yeye alikuwa akitazama mtu. Kila picha ya mwezi wa saba, Malkia alikuwa ameukumbatia mkono wake wa kushoto. Kwanza aliuficha kwa mtandio, baadaye kwa mkoba, na miaka ya karibuni aliushika tu kwa ule wa kulia, akiusugua. Ulikuwa unamuuma. Sikudhani akiona hivyo hulitazama kopo, na moyo humsuta sana.

Haja yake ilikuwa moja tu, amfikishie Malkia mkono wake kabla mmoja wao hajafa.

Akaandika kumbukumbu yake kwa mwandiko mzuri, mistari kumi na miwili kamili, akaipeleka kata. Afisa Kumbukumbu wa kata aliitwa Bwana Ngwali, mtu wa makamo, mpole, mwenye miaka kama arobaini na saba. Aliandika kwa mkono wa kushoto, ule ulio wazi, na kwa hiyo alikuwa na wino karibu mpaka kwenye kiwiko.

"Shikamoo, Bi Sikudhani."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta yangu."

Bwana Ngwali akasoma. Alipofika mstari wa nne akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaanza upya. Kisha akainuka kwenda kufunga dirisha.

"Bibi, hii ina kasoro."

"Nimezidisha mistari?"

"Mistari iko sawa. Kasoro yake ni kwamba ina mambo yaliyotokea."

"Si mlisema iwe ya kweli?"

"Ya kweli, ndiyo, lakini si kiasi hiki! Hapa umeandika Malkia alivaa mkono mfupi kwa sababu wewe ulikosea kukata. Mimi nikiipiga muhuri, maana yake nimekubali kwamba nchi nzima imekosea kukata."

"Mimi sikukata nchi, baba. Nilikata hariri."

"Utasema hivyo wewe. Mimi nikiulizwa nitasema nini, na nina watoto wanne?" Akamsogezea karatasi tatu. "Chagua hapa. Kumbukumbu Namba Moja, Malkia alipita na mvua ikakatika. Namba Mbili, Malkia alipita na mtoto wako mchanga akaacha kulia. Namba Tatu, Malkia alipita na mgonjwa wako akaamka kitandani akaomba uji. Namba Tatu zimebaki chache, watu wanaipenda."

"Mimi sina mtoto."

"Hata mimi sina mgonjwa, lakini Namba Tatu nimeikumbuka vizuri sana."

Bi Sikudhani akazisoma zote tatu bila haraka. Ukutani, juu ya kichwa cha Bwana Ngwali, palikuwa na tangazo jingine: kila kata itoe msomaji mmoja, asimame mbele ya Malkia siku ya jubilei na kusoma kumbukumbu yake kwa sauti. Nafasi ya jina ilikuwa wazi.

"Hapo mmempata nani?"

Bwana Ngwali akahema. "Hakuna anayetaka. Kwenye jubilei ya miaka ishirini na mitano msomaji wetu alipiga chafya katikati ya mstari. Mpaka leo anaandika maelezo."

"Nipe Namba Mbili," akasema Bi Sikudhani kwa upole mkubwa, "na hapo uniandike mimi."

Bwana Ngwali alifurahi hata akamshika mkono. Akaandika jina lake, akaipiga muhuri Namba Mbili, na ile ya kweli akamrudishia, akimwomba aichome na asimweleze mtu alipoichomea.

Siku ya jubilei walinzi walimpekua Bi Sikudhani mlangoni mwa ukumbi. Walimnyang'anya mkasi mdogo, pini saba na peremende. Hawakugusa utepe mpana wa zambarau aliojifunga kichwani, kwa sababu ulikuwa umempendeza. Na hawakuona sindano iliyokuwa imechomekwa kwenye pindo la gauni lake, tayari ina uzi mweupe, kwa sababu hawakuwa mafundi. Fundi yeyote angeanza kutafuta hapo.

Ukumbini Malkia Asumini alikuwa ameketi juu ya jukwaa. Bi Sikudhani hakuwa amemwona ana kwa ana kwa miaka arobaini na moja. Malkia alikuwa amezeeka, amekuwa mdogo, lakini shingo ilikuwa ile ile. Gauni ndilo lililomshangaza. Lilikuwa la kijivu. Lile la zambarau lilipauka kidogo kila lilipofuliwa, na kila lilipochakaa wataalamu walishona jingine kwa kuiga rangi waliyoikuta, kwa uaminifu mkubwa, mpaka wakafika kwenye kijivu. Rangi hiyo sasa iliitwa Kijivu cha Enzi na ilikuwa kosa kuivaa mtu mwingine.

Waziri wa Kumbukumbu, Mheshimiwa Fakihi Mtambalike, alifungua shughuli.

"Mtukufu Malkia! Mama wa Mabonde, Dada wa Milima, Kiwiko cha Taifa! Leo wananchi wako, kwa hiari yao waliyoelekezwa, wamekuja kukueleza namna walivyokukumbuka. Hakuna aliyelazimishwa. Orodha ya ambao hawakulazimishwa ninayo hapa."

Wakaanza kusoma. Mvua zikakatika. Wagonjwa kumi na mmoja wakaomba uji. Ilipokatika mvua ya tisa Malkia alikuwa amefumba macho, kidevu kimelala kifuani, na mkono wa kulia umeushika wa kushoto. Waziri akaeleza kwa sauti ya chini kwamba Malkia anatafakari.

Zamu ya Bi Sikudhani ikafika. Akasimama hatua tano kutoka kwenye kiti, akafungua karatasi yake.

"Siku hiyo mwanangu mchanga alikuwa akilia..." Akaikunja karatasi. "Malkia, mimi sina mtoto. Nimekuja kumalizia kazi."

"Haimo!" akapaza sauti Mheshimiwa Mtambalike. "Haimo katika Namba Mbili!"

Malkia akafumbua jicho moja. "Kazi gani?"

"Mkono. Ulisema nije kesho yake tuurekebishe, nikaja, wakanifukuza langoni. Ukasema watu watauliza. Hawakuuliza, Malkia, basi nimekuja kusema mwenyewe. Mkono mmoja ni mfupi."

Watu wanane wakazimia, kama walivyofanyishwa mazoezi, ingawa mazoezi yalikuwa ya kuzimia kwa furaha. Walinzi wakasogea. Malkia akafumbua na jicho la pili, akainua kidole, walinzi wakasimama.

"Sema tena."

"Mkono mmoja ni mfupi. Nilikosea mimi. Ulipita mlangoni unakula embe, nikakutazama, nikakata penye kiwiko."

Malkia akainama mbele kumtazama vizuri. "Wewe ndiye uliyekuwa unalia."

"Ndiye."

"Miaka arobaini na moja," akasema Malkia, akiwageukia mawaziri, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Miaka arobaini na moja nimekaa nikingoja mtu mmoja aseme hivyo. Nilifika mahali nikadhani macho yangu ndiyo mabovu. Nikaagiza daktari wa macho, naye akaja na mkono mmoja mfupi!"

"Si ungewaamuru tu wakushonee mrefu?" akauliza Bi Sikudhani, ambaye alishasahau yuko wapi.

"Niliwaamuru mara mbili. Mara ya kwanza waliniletea hotuba. Mara ya pili waliniletea profesa, akanieleza kwa nini naupenda mkono mfupi. Umekuja nao?"

Bi Sikudhani akafungua utepe kichwani. Ile hariri ikamwagika mkononi mwake, zambarau vile vile kama siku ilipokatwa, na ukumbi mzima ukavuta pumzi.

"Kumbe lilikuwa zambarau," Malkia akasema taratibu. "Nilikwishasahau."

Bi Sikudhani akapanda jukwaani, akapiga magoti kando ya kiti, akachomoa sindano kwenye pindo. Mkono wa Malkia ulikuwa mwembamba, mweusi tii kuanzia kiwiko kama wa raia wake wote, na ulikuwa baridi hata saa sita hiyo ya mchana. Bi Sikudhani aliushika ndani ya viganja vyake kidogo kabla ya kuanza, maana alikuwa na deni la kuupasha moto. Kisha akauvisha ile hariri na kuishikiza begani juu ya mkono mfupi. Ilikuwa imepimwa kwa msichana wa miaka ishirini na mitano, ikapwaya, akaikunja kidogo kwapani.

"Leo nipige bandi tu," akasema. Mshono mrefu mrefu, wa kushikiza kwa muda. "Bandi haikai, Malkia. Wiki mbili tatu itachomoka. Kesho nije na cherehani, nikushonee wa kudumu."

"Njoo kesho," Malkia akasema, na wote wawili wakatazamana wakaangua kicheko, kicheko cha wasichana, mbele ya mabalozi.

Bi Sikudhani alipokata uzi kwa meno, Malkia akasimama. Akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, akaigeuza huku na huku, mmoja wa kijivu na mmoja wa zambarau wenye nyuzi nyeupe begani. Kisha akashuka jukwaani na kutoka ukumbini taratibu, shingo imenyooka, na Bi Sikudhani akalia tena, sasa kwa raha.

Aliporudi kwake jioni hiyo alikuwa mtu mwepesi. Alisugua cherehani, akatia mafuta, akaifunga kwenye shuka tayari kwa safari.

Asubuhi redio ikatoa taarifa. Utafiti wa usiku kucha wa Chuo cha Taifa umethibitisha kwamba Mtukufu Malkia amevaa mikono miwili mirefu tangu siku ya kutawazwa kwake, wa kushoto ukiwa wa zambarau na mshono mweupe begani. Mwananchi yeyote anayekumbuka vinginevyo afike ofisi ya kata ili akumbushwe. Kuvaa mkono mfupi ni kuitukana historia.

Na wao walivyo hodari! Kufikia saa tatu, sanamu ya Malkia iliyoko uwanjani ilikuwa imeongezewa mkono wa saruji. Kufikia adhuhuri maprofesa sita walikuwa wametoa kitabu kile kile cha kurasa mia saba, pamoja na karatasi ya kubandika mahali palipoandikwa "mfupi." Mitaani watu walishikiza mikono ya zambarau ya kila namna, ya mapazia, ya mifuko, ya sare za bendi, wote kwa uzi mweupe na mishono mirefu ya ovyo, kwa kuwa Wizara ilishaipima bandi ya Bi Sikudhani na kuitangaza kuwa Mshono wa Enzi. Chama cha upinzani kilipinga vikali, kikataka nyuzi ziwe nene zaidi.

Bi Sikudhani alifika langoni amejitwika cherehani.

"Umeleta nini?" mlinzi akamuuliza.

"Nimekuja kumalizia mkono wa Malkia. Ameniita."

"Mkono upi? Huo wa kushoto upo tangu kutawazwa. Umesikia redio?"

"Mwanangu, jana ulikuwepo ukumbini. Wewe ndiye uliyeninyang'anya peremende."

Mlinzi akatazama juu ya kichwa cha Bi Sikudhani. "Jana mwananchi mmoja alisoma Namba Mbili," akasema, "akasoma vizuri sana."

Bi Sikudhani akarudi na cherehani yake. Njia nzima iliteremka, lakini ilimchosha kuliko kupanda.

Siku ya nne Bwana Ngwali akabisha hodi. Alikuwa amevaa shati jeupe lenye mkono wa kushoto wa zambarau, umeshonwa kwa haraka, unampanda kila akijitikisa. Alikaribishwa kiti. Akakaa kwenye ukingo, akatoa karatasi.

"Bi Sikudhani, hili ni Tamko la Kusahau. Si kwako peke yako, usidhani. Wewe utakuwa wa kwanza tu." Akasoma bila kumtazama. "Mimi niliyetajwa hapa natamka kwamba sijawahi kukata mkono mfupi, sijawahi kuona mkono mfupi, na sijapeleka mkono wowote popote. Ukitia sahihi, cheti chako kinabaki na cherehani yako inabaki. Usipotia..." Akaitazama cherehani, bado imefungwa kwenye shuka. "Nimekuja na mkokoteni, bibi. Uko nje. Nisamehe."

"Na Malkia anasemaje?"

"Malkia anatafakari."

Miaka arobaini na moja Bi Sikudhani alikuwa na kitu kimoja cha kweli, na hatimaye amekitoa, kimepokelewa, wamecheka. Na sasa aandike kwamba hakikuwapo, la sivyo ale nini? Machungu yalimpanda mpaka kwenye meno. Ukutani picha zake za magazeti zilikuwa bado zimebandikwa, mikono mifupi arobaini na moja imepangwa mwaka kwa mwaka, na Bwana Ngwali alikuwa amekaa kwa namna ya kutoziona.

"Nionyeshe pa kutia sahihi," akasema.

Bwana Ngwali akashika kalamu kwa mkono wake wa kushoto kumwekea alama. Alipounyoosha, ule mkono wa zambarau ukapanda mpaka kwenye kiwiko. Bi Sikudhani hakuitazama alama. Alitazama mkono wa mtu, mweusi tii kutoka kiwiko mpaka vidoleni, na wino juu yake.

"Na huu, mwanangu?"

"Upi?" Akauvuta mkono wa shati chini. Ukapanda tena.

"Huu uliochomwa na jua."

"Nimezaliwa hivi."

"Na mkeo?"

"Naye... naye pia."

"Na Mheshimiwa Waziri?"

Bwana Ngwali akauvuta mkono wa shati mara ya pili, na nyuzi zikachomoka begani, ukabaki unaning'inia.

"Lete hapa nikushonee vizuri," akasema Bi Sikudhani. "Usije ukaonekana njiani."

Akavuta kigoda, akaanza kumshonea, mishono midogo midogo ya kudumu. Bwana Ngwali alimwachia bega kama mgonjwa anayefungwa kidonda. Nje punda wa mkokoteni alikohoa.

"Mwaka ule wa kutawazwa mimi nilikuwa na miaka sita," Bwana Ngwali akasema ghafla, akitazama sakafu. "Nilikuwa na shati moja la baridi. Jipya, la sufu. Kwetu ni mlimani. Tangazo likaja, mama akachukua kisu akalikata kwenye kiwiko. Nililia, akanipiga kibao niache kulia, watu wasisikie. Halafu akaingia jikoni akalia yeye."

"Pole, mwanangu."

"Kile kipande hakukitupa. Alisema ipo siku atanishonea tena." Akasafisha koo. "Alipofariki nilikikuta kwenye vitu vyake. Ninacho."

Bi Sikudhani akakata uzi kwa meno. "Umekiweka wapi?"

Bwana Ngwali akautazama mlango, akalitazama dirisha. Akachukua lile tamko, lisilo na sahihi, akalikunja mara nne na kulitia mfukoni.

"Kwenye kopo," akasema. "La majani ya chai."